Hofmann Yupi?

Bi Turkiya alisomesha Kiingereza mjini Ibra, Oman, miaka thelathini, na siku aliyostaafu alimwambia mumewe, Aflah, kwamba hataki tena kutamka hata neno moja la lugha hiyo. Haikutimia miezi miwili, Aflah akanunua mashine.

Ilikuwa mashine kuukuu ya kufunga majani ya mifugo marobota. Aliiona mtandaoni, ikaletwa kutoka Lindental, kimji kidogo cha wakulima wa ngano kwenye nyanda za Kanada, kilichoanzishwa zamani na Wajerumani. Ilipowashwa shambani, majani yaliingia upande huu yakatoka upande wa pili yametawanyika vilevile. Kidude cha kukaza fundo la kamba hakikuwepo. Karatasi ya muuzaji nayo ilikuwa imerowa. Nambari ya simu imefutika, limebaki jina: Hofmann.

"Mama Wiam," Aflah alimwambia mkewe, "wewe ndiye mwenye lugha."

"Na wewe ndiye mwenye mashine."

Lakini aliyepiga simu ni Turkiya. Jioni, kwa sababu kule ndiyo kwanza kunakucha, akaipata ofisi ya mji.

"Namtafuta Bwana Hofmann."

"Yupi?" aliuliza karani.

"Mkulima."

Karani alicheka. "Bibi, mji huu waliuanzisha ndugu watano wa Kihofmann. Wakulima Hofmann wako kumi na wanane. Hata mimi Hofmann."

Akampa nambari tatu, ajaribu bahati yake. Wa kwanza alikuwa kiziwi, kila jibu lake "Nani?" Wa pili mfuga nguruwe, na kabla Turkiya hajasema shida yake alishaelezwa nguruwe wangapi wamezaa. "Astaghfirullah," alinong'ona, huku Aflah akimvuta ukaya wa kichwani, "Anasemaje? Anasemaje?"

"Anasema ukae kimya!"

Wa tatu alikuwa bibi mjane. Alisikiliza habari ya mashine na kidude chake, lakini hakuwa na haraka ya kujibu. Alieleza babu zake walivyofika na magari ya ng'ombe, wakaishi baridi ya kwanza ndani ya kibanda cha udongo. Turkiya alifumba macho. Nusu saa nzima!

"Na nyinyi?" aliuliza bibi ghafla. "Hapo mlifikaje?"

Turkiya alikuwa na jibu kali mdomoni. Likamtoka jingine. "Kwa meli, kutoka Unguja. Nilikuwa na miaka minne. Nakumbuka mama analia, sijui mengine."

"Mama yangu pia alikuwa akilia," alisema bibi. "Mashine hiyo ilikuwa ya mkwe wangu, naye pia Hofmann. Yuko mashambani anavuna, kichwa chake huko huko, ndiyo maana akasahau kidude. Nitamwambia."

Kidude kilifika baada ya wiki tatu, kimefungwa ndani ya soksi ya sufu. Kikaingia mahali pake, na robota la kwanza likatoka limekazwa sawasawa.

Ijumaa ile wakaja shemeji zake Turkiya, na Aflah akaanza kusimulia. "Wale Wajerumani wagumu! Nilipiga simu mji mzima. Nikawabana mpaka wakasalimu amri."

Turkiya alikuwa anapita na birika la kahawa. Alilitua miguuni pa mumewe, na vikombe kando yake.

"Aliyeubana mji mzima hashindwi na birika," alisema. "Haya, wamiminie."

Akaenda zake ndani.