Saa Moja ya Bi Nukta

Karani wa masjala walimwita Bi Nukta kwa sababu kila alichoandika kitabuni alikifunga kwa nukta nene, kisha akavuta mstari hadi ukingoni, asije mtu akapachika neno baadaye. Miaka thelathini na mmoja aliketi kwenye meza ileile ya dirishani, akiandika waliozaliwa, waliokufa, waliohamia na waliochaguliwa. Akikosea, hafuti. Anakata kwa mstari mmoja mwekundu, kosa lisomeke, kando anatia sahihi. Enzi hizo mtu alilionea haya kosa lake. Siku hizi kosa linafutwa kwa kidole, na aliyekosea anakwenda zake kunywa chai.

Mwaka wake wa mwisho kazini, mtaa ulimchagua kinyozi kuwa mwenyekiti. Bi Nukta ndiye aliyeandika kumbukumbu za siku ile: kituo kilifunguliwa saa moja, kikafungwa saa kumi, kura zikahesabiwa saa kumi na moja, kinyozi akashinda. Nukta. Ofisi ya juu ikataka saa zile ziingizwe kwenye kompyuta, na binti aliyepewa kazi akachapa kama alivyoziona: 01:00, 10:00, 11:00. Karatasi ikapigwa muhuri, ikabandikwa ukutani.

Watu wakatoa simu wakalinganisha. Kwenye simu, 01:00 ni saa saba usiku, na 10:00 ni saa nne asubuhi.

"Saa nne mimi nilikuwa bado kwenye foleni," alisema muuza mkaa. "Kumbe nimepanga foleni ya kituo kilichofungwa!"

"Na waliopiga kura saa saba usiku ni akina nani?"

"Kaulize makaburini."

Haikupita wiki, kinyozi akawa mwenyekiti wa viti vitupu. Akiitisha mkutano, haji mtu. Barua zake zilifungiwa misumari dukani. Alipomkumbusha muuza mkaa kwamba kuna sheria, alijibiwa, "Sheria gani, wewe uliyechaguliwa na popo? Umetunyoa bila maji!"

Asubuhi moja akaingia masjala, kofia mkononi.

"Mama," alisema kwa sauti ya chini, "hivi mimi nilishinda kweli?"

Bi Nukta aliweka kalamu chini. Amewahi kuona walioshindwa wakibisha. Mshindi asiyejiamini ndiyo kwanza anamwona.

"Hata wewe?"

"Hata mke wangu ananitazama kwa pembeni. Karatasi ina muhuri, Mama. Nani atauamini mdomo wangu?"

Jumamosi ile Bi Nukta aliwaita watu, akakibeba kitabu mwenyewe hadi ukumbi wa shule. Watu walijaa, wengi wamekuja kucheka. Akavaa miwani, akasoma.

"Saa moja asubuhi. Kituo kimefunguliwa. Wa kwanza ni mshona viatu, mguu umefungwa bendeji."

"Kweli bwana, ulikuwa umevimba," mshona viatu alisema, akiutazama mguu wake kana kwamba umemsaliti.

"Saa nne. Foleni imefika getini. Muuza mkaa na mwalimu wanagombea nafasi."

Ukumbi ukaangua kicheko. Muuza mkaa akainamisha kichwa.

"Saa saba mchana. Mvua. Sanduku la kura limefunikwa kwa koti la msimamizi. Mzee wa ghorofani ameletwa kwenye kiti, amepiga kura, ameomba maji."

Kicheko kikakatika. Mzee yule walikwisha kumzika. Mjane wake alisimama akaenda mbele polepole, akaomba aonyeshwe mstari. Hakujua kusoma. Aliweka kidole pale alipoelekezwa, akakiacha hapo muda mrefu, na hakuna aliyemharakisha.

Bi Nukta akaendelea hadi saa kumi na moja jioni. "Kinyozi, kura mia mbili na kumi na tatu. Hapa nilikosea. Nimekata kwa wino mwekundu. Ni mia mbili na kumi na mbili."

Mnong'ono ukapita safu kwa safu. Kura moja ilimtoka kinyozi mbele ya macho yao, na ndipo walipomkubali. Muuza mkaa akavua kofia. Wengine wakasogea kukitazama kile kitabu, mikono nyuma, kama watu waliomkaribia mtoto aliyelala.

Kinyozi alipata nguvu. "Basi ndugu zangu, Jumatatu tukutane kuzibua mtaro."

Hakuna aliyemgeukia. Wote walimtazama Bi Nukta.

"Dada," muuza mkaa alisema, "liandike hilo, tulijue kuwa kweli."

"Mimi naandika yaliyofanyika," alisema. "Hilo bado."

"Basi tutakuja, ili uliandike."

Kinyozi aliitikia kwa kichwa kushukuru, ingawa alielewa vizuri kwamba hawaji kwa ajili yake. Bi Nukta alikuwa amebakiza miezi minne astaafu, na ofisi ya juu ilikwisha kusema kiti chake hakitajazwa.