Siku Tuliyogawana Treni ya Mombasa

Mume wangu alikuwa akikusanya treni. Naanza na hilo kwa sababu watu wakisikia mjane wa Kibera akitaja urithi, hufikiri ni ploti.

Zilikuwa treni ndogo za kuchezea, alizozichambua kwenye marundo ya mitumba kwa miaka mingi. Alikuwa fundi wa redio. Kila aliyoipata aliipaka rangi mpaka ifanane na treni fulani ya kweli ya zamani. Kipenzi chake kilikuwa treni ya usiku ya Mombasa, rangi ya damu ya mzee: kichwa, kisha behewa la daraja la kwanza, la pili, la chakula na la tatu. Mabehewa hayakulingana urefu, na yalishikana kwa vibanio vyangu vya nywele.

Baada ya mazishi kule Kitui, watu wa upande wake walikuja nyumbani kwetu Kibera kugawana vitu vyake, kama ilivyo desturi. Koti likaenda huku, viatu kule. Treni nyingine zilikuwa zimechukuliwa siku za matanga, sikuona na nani. Ile ya Mombasa ilikuwa chini ya kitanda nilichokalia, ndani ya beseni, nimeifunika leso. Nilitaka kitu kimoja tu cha mume wangu kibaki kizima.

Shemeji mkubwa, kaka yake anayekaa Silanga, kwenye mteremko wa kushukia lile bwawa tunaloita Dam, akaniuliza, "Shem, ni hivyo tu?"

Ningesema ndiyo. Hakuna ambaye angeinama kutazama. Lakini nililelewa vibaya, sijui kudanganya.

"Kuna treni," nikasema.

Beseni likavutwa. Shemeji akagawa kama anayegawa mbuzi. Kichwa kikawa chake, kwa kuwa ndiye mkubwa. Daraja la kwanza akawekewa mama yao kijijini, la pili likawa langu. Binamu yao, mtu wa tumbo, alikuwa ameshalikumbatia behewa la chakula kabla hajapewa. Daraja la tatu likasukumwa mbele ya wifi yangu, dada yao mwenye saluni kule Kabiro, Kawangware.

"Hii ni nini?" wifi akauliza.

"Fungu lako," shemeji akasema.

"Mimi? Nimekalia mbao mpaka Mombasa miaka yote, kuku wa watu wakininyea viatu, na hata kwa urithi mnanirudisha huko?"

"Si lina madirisha?" binamu akasema.

"Nyamaza wewe, ushakaa kwa chakula."

Shemeji akanigeukia. "Marehemu alisema iwe ya nani?"

Wote wakanitazama. Neno moja tu na treni ingekuwa yangu.

"Hakusema," nikajibu. "Alisema tu nisiioshe."

"Pengine hata haitembei," wifi akasema. "Tunapigania kopo."

"Inatembea."

Basi ikabidi nioneshe. Tukaunganisha mabehewa tena, tukatandika reli iliyokuwa humo ndani ya beseni kutoka mguu wa kitanda, ikazunguka jiko na kurudi. Shemeji akabonyeza swichi, treni ikaondoka vizuri. Lakini kulikuwa na kitu hakipo. Siku zote honi ilikuwa ni mume wangu. Alikuwa akilala kifudifudi, shavu sakafuni, akipiga "Puuu!" kila kona. Sasa ilizunguka kimya, na sote tulijua kwa nini.

Ndipo shemeji, mzee wa kanisa, mtu ambaye sikuwahi kumwona akicheka, akapiga magoti na suti yake.

"Mbeee!"

"Hiyo inaenda Mombasa ama buchari?" wifi akauliza.

Binamu akaangukia gunia la nguo. Mimi nikacheka kwa sauti, mjane mbele ya wakwe, mpaka kitambaa cha kichwa kikadondoka. Katikati ya kucheka nikajikuta nalia. Hakuna aliyeniambia ninyamaze. Shemeji aliendelea tu na kazi, kona baada ya kona, mbeee, mbeee.

Alipojipangusa magoti, alikirudisha kichwa ndani ya beseni, pamoja na behewa la mama yao. "Nyumba yangu imeinama," akasema. "Hii kitu ikianza kutembea haitasimama mpaka Dam."

Binamu akarudisha behewa la chakula, polepole. Wifi alifungua kibanio cha nywele, akalitia daraja la tatu kwenye mkoba.

"Si umelikataa?" kaka yake akauliza.

"Nimelikataa likiwa lenu. Sasa ni langu."

Nilivumilia wiki chache, kisha nikaenda Kabiro kuliomba. Lilikuwa juu ya televisheni, limetandikiwa kitambaa cha kufuma. Alikuwa amelipaka rangi nyekundu ya kucha kwenye madirisha. Nikanywa chai yote ndipo nikapata neno.

"Wifi, treni haina mkia."

"Basi ilete."

"Wewe una behewa moja. Mimi nina treni yote."

"Tangu lini behewa likatoka kwenda kutafuta treni? Behewa hungoja stesheni."

Kwa hivyo Jumapili moja moja hupanga kichwa, mabehewa na reli ndani ya beseni, nikajitwisha, nikatoka Kibera kwa miguu hadi Kawangware. Jua huwa kali na reli ni nzito. Wifi hufungua mlango, na kabla ya salamu huniuliza kwa nini treni imechelewa.