Aliyekuja Kumwitikia Mama Mdogo

Wanaonijua watasema nilikuwa nimechoka. Mimi ni mtu wa kuwaza sana, na mtu anayewaza sana huonekana amechoka hata akitoka kulala. Sawa, waseme. Lakini haya hayakutokea usiku. Yalitokea mchana, mvua imetoka kukatika, umeme unawaka, nami nimeshiba ugali na sato. Niliyaona nikiwa nimekaa kwenye kiti, nyumbani kwetu Kitaji, mjini Musoma, mkono wangu uko juu ya kompyuta. Ukitaka kuniamini niamini. Usipotaka, soma tu, kwa sababu onyo lililo mwishoni linakuhusu hata wewe usiyeamini.

Ilikuwa miaka ile ya mashirika ya umma kuuzwa na wafanyakazi kupunguzwa. Sisi tuliomaliza chuo tulirudi makwetu na vyeti ndani ya bahasha za kaki, tukangoja. Maduka ya Musoma yalijaa vitu vya kila nchi, lakini kazi haikuwepo. Kaka yangu aliyekuwa Dar es Salaam akanunua kompyuta iliyokwisha kutumika, akaiviringisha ndani ya godoro na kuipakia kwenye basi, pamoja na sidii za programu za kurekodia muziki. Akaniambia kwa simu nifungue studio chumbani, nisikae bure.

Programu zilikuwa tatu. Ile ndogo ilikuwa na mstari mmoja tu wa sauti: unaimba, inachukua, inahifadhi, basi. Ya katikati ilikuwa na mistari minne, lakini kwenye mashine yetu mstari wa pili uliburuzika nyuma ya wa kwanza kama mtu anayepiga makofi ng'ambo ya mto. Ile kubwa ilikuwa nzuri, nakwambia. Ilikuwa na mistari mingi, kila mmoja na rangi yake, na sauti ilitoka safi mpaka unasikia mtu anavyomeza mate. Tatizo lake, ilikuwa ya majaribio. Ungerekodi na kusikiliza unavyotaka, lakini haikukubali kuhifadhi. Ukiifunga, au umeme ukikatika, kila kitu kimepotea.

Mtu mwingine angechagua mara moja na kuanza kazi. Mimi nilisoma maelezo yote mpaka macho yakauma. Nilirekodi makofi, nikarekodi redio, nikamrekodi jogoo wa jirani katika programu zote tatu, halafu nikakaa kulinganisha jogoo na jogoo. Jioni nilikuwa nimeamua, asubuhi uamuzi umeharibika. Niliogopa nini? Niliogopa kwamba sauti ya mtu ikichukuliwa vibaya haitapatikana tena.

Na kwa kweli palikuwa na mtu anayesubiri uamuzi wangu. Ni mama yangu mdogo, Nyabise, wa Bunda. Ujana wake wote aliimba kwenye harusi na matanga, kuanzia Bunda mpaka vijiji vya kando ya ziwa. Watu walikuwa wanaahirisha sherehe kama yeye anaumwa. Sasa alikuwa na rovu. Uvimbe ule shingoni ulikuwa umeanza kumbana pumzi, na daktari alimpangia upasuaji Mwanza. Daktari alisema wazi kwamba mshipa wa sauti unapita hapohapo, na kwamba uhai wake hana wasiwasi nao sana, ila sauti hawezi kuahidi. Mama mdogo alimsikiliza, akaja moja kwa moja Musoma kwangu, akaweka kapu lake chini, akasema, "Nimesikia una mashine. Ichukue sauti kabla hawajaikata."

Safari ya Mwanza ilikuwa kesho yake. Na mimi bado nalinganisha majogoo.

Nikubali kwamba mpango wangu ulikuwa wa kitabuni. Nyimbo zile ni za kuita na kuitikia: mmoja anaita, mwingine anajibu. Waitikiaji wetu, yaani binamu zangu, walikuwa wamekwenda msibani Suguti, na redio kaseti ya nyumbani wamekwenda nayo. Kwa hiyo nikamwambia mama mdogo aimbe peke yake, aache nafasi wazi mahali pa kuitikiwa, na binamu wakirudi nitawarekodi kwenye mstari wa pili. Ile programu ya katikati inaweza, hata kama inaburuzika. Nilimweleza kwa fahari.

Mama mdogo akauliza, "Nani ataniitikia?"

"Baadaye, mama mdogo. Tutaongeza baadaye."

"Nimeita sasa, naitikiwa baadaye? Huko chuoni mlikuwa mnaitanaga hivyo?"

Kwao, na kwetu pia kama ningekuwa na akili, wito haukatwi hewani. Ukiita wimbo, lazima awepo wa kuupokea, hata awe mtoto, hata awe mlevi. Wazee huwa hawaimbi peke yao hata shambani. Watamwita jirani asimame ng'ambo ya mpaka aitikie. Mimi nililijua hilo, lakini nililijua kama mila, kitu cha kuandikia insha. Sikulijua kama tahadhari.

Nikafungua ile programu kubwa, nifanye jaribio kwanza. Nikawasha mistari miwili: wa kwanza wa kipaza sauti, wa pili wa kuandaa nafasi ya binamu, haujachomekewa kitu. Mama mdogo, kwa kuwa muda haukuwepo, akakubali, akaketi kwenye kigoda katikati ya chumba, mgongo kwa mlango, akafumba macho. Akaita.

Ungemsikia, ungenyamaza wiki nzima. Shingo ile iliyovimba, pumzi ile ya kubanwa, na bado sauti ilipanda bila kusukumwa na mtu. Akamaliza wito, akaacha nafasi kama nilivyomwomba.

Nafasi ile ikajibiwa.

Nikainua macho. Mlangoni alikuwa amesimama mwanamke wa umri kama wangu, gauni lake limefifia kwa kufuliwa, kichwa wazi, ana matone ya mvua begani. Nilidhani ni jirani. Akaingia huku akiitikia, akaketi sakafuni, akaegemeza mgongo wake kwenye mgongo wa mama mdogo. Mama mdogo hakugeuka wala hakufumbua macho. Akaita tena.

Niseme nini kuhusu uitikiaji ule? Hakungoja wito uishe. Aliudaka unaposhuka, kama mwanamke anavyompokea mwenzake mtungi kichwani bila tone kumwagika. Pale mama mdogo pumzi ilipomwishia, yule alirefusha jibu kidogo ampe nafasi ya kupumua, na mtu asiyejua angedhani ndivyo wimbo ulivyotungwa. Nimesikia kwaya kubwa, nimesikia bendi za mjini. Sijasikia tena watu wawili wanaosikilizana namna ile.

Halafu nikatazama skrini. Ule mstari wa pili, usiochomekewa kitu, ulikuwa unachora mawimbi. Ulichora kila yule mwanamke alipoitikia, na kutulia aliponyamaza. Na mstari wa kwanza, wenye kipaza sauti kilichokuwa karibu naye kabisa, ulilala tambarare kila alipofungua mdomo. Kipaza sauti hakikumsikia. Unanielewa? Hakikumsikia hata kidogo.

Wimbo ulipokwisha mama mdogo akasema taratibu, macho bado amefumba, "Umechelewa."

"Nilikuwaga nakusikia. Lakini siku zote ulikuwa na wa kukuitikia. Leo umeita ukaacha wazi."

Aliongea Kiswahili cha kwetu, cha kawaida kabisa. Akageuka kunitazama, na nikuambie ukweli, uso wake ulikuwa mzuri, wa mtu mcheshi. Macho yake yakahamia dirishani, kwenye mche wa sabuni nilioutoa kufulia. Akaudaka haraka akaufunika kwa upindo wa gauni.

"Sabuni mnaiweka dirishani? Mdogo wangu, ukikutwa nayo utasema umeipata wapi?"

Nikamjibu kwamba inauzwa dukani, yeyote ananunua. Akacheka kama nimemdanganya, akainusa, na kuirudisha kwa heshima. Ndipo nilipotambua harufu iliyoingia naye chumbani: majani ya mpapai. Mama alikuwa akitufulia nguo kwa majani hayo nilipokuwa mdogo, miaka ya foleni, sabuni ilipokuwa haionekani, na ukikutwa nayo unaitwa mlanguzi.

Akaniambia nipige tulichorekodi. Nikapiga. Sauti zao mbili zikatoka, kila moja mahali pake. Mama mdogo alisikiliza machozi yakimtiririka mpaka kwenye rovu lile.

"Hii itabaki?" yule akauliza.

Nikamweleza. Sijui kwa nini nilimweleza kama mteja, labda kwa sababu nilikuwa nimelifikiria jambo hilo wiki nyingi kiasi kwamba lilinitoka lenyewe. Kwamba programu hii haihifadhi. Kwamba ile ndogo inahifadhi, lakini huchukua kile tu kinachopita kwenye kipaza sauti. Kwamba zamu yetu ya kukatiwa umeme kwa mgao siku ile ilikuwa jioni, na jioni haikuwa mbali. Kwamba mashine ile haikuweza kufungua zote mbili kwa pamoja. Tungeweza kuiacha ikiwaka na kuomba Mungu umeme usikatike mpaka nipate wa kunisaidia. Au tungeifunga, tukampoteza yeye, na kumrekodi mama mdogo upya wakati sauti bado ipo.

Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu sikuwa na mawazo mengi. Nilikuwa na mawili tu, na yote yaliniuma.

"Zima," akasema.

Mama mdogo akatikisa kichwa. "Asizime."

"Nyabise, mimi nilishaimba. Nilishamaliza. Achukue ya kwako."

"Nikipona nitaimba na nani?"

"Wewe ulishawahi kukosa mtu? Hata mbuzi wa baba yako walikuwaga wanakuitikia, tena kwa sauti nzuri kuliko yako."

Mama mdogo akacheka, akakohoa, akacheka tena. Halafu akaniambia, "Zima, mwanangu."

Nikafunga ile programu kubwa. Sauti ya yule mwanamke ikapotea palepale mbele yangu, na hakuna fundi duniani atakayeirudisha. Nikafungua ile ndogo. Mama mdogo akaita upya, wimbo baada ya wimbo, na yule akaitikia mgongoni kwake hadi wa mwisho. Nilimsikia kwa masikio yangu. Nilipobonyeza kuhifadhi na kuinua kichwa, mama mdogo alikuwa ameketi peke yake, ameegemea nyuma kidogo, kama mtu ambaye kiti chake kimeondolewa naye bado hajaanguka.

Ndipo aliponiambia. Yule alikuwa Nyangeta, binti wa Butiama aliyeolewa Bunda, mwenzake wa kuimba tangu usichana. Waliimba wakipeana migongo, ili mmoja aihisi pumzi ya mwingine. Alikufa kwa homa katika miaka ile ya foleni, mimi bado sijaanza shule, na amezikwa kwao Butiama. Mama mdogo hakuonekana kuogopa. Alionekana kama mtu aliyetembelewa.

Alipona. Rovu liliondolewa, anapumua vizuri, anatembea mwenyewe kwenda sokoni. Lakini sauti ilishuka, ikawa ya kukwaruza, na haipandi tena. Zile nyimbo za programu ndogo ndizo zilizobaki. Tulizihamishia kwenye kaseti, na mpaka leo zinapigwa kwenye harusi za Bunda na Musoma. Baadaye kaka alinipatia ile kubwa iliyo kamili, inayohifadhi. Binamu zangu wakataka tuongeze uitikiaji. Mama mdogo akakataa, akasema mahali pale pana mwenyewe. Kwa hiyo nafasi zimeachwa wazi, na harusini watu hujaza wenyewe, ukumbi mzima. Inapendeza sana. Ila mimi huwa nasimama karibu na mlango, kwa sababu kila mara, kabla ya ukumbi kufungua mdomo, nasikia mtu mmoja amekwisha kuanza.

Sasa wewe unayesoma. Kama nyumbani kwako kuna mtu ambaye sauti yake itakuuma ikipotea, mrekodi leo, kwa mashine yoyote uliyonayo. Usingoje kuchagua iliyo bora kama mimi. Lakini usimrekodi peke yake. Mtafutie mtu aliye hai amwitikie, hata kama hajui kuimba. Ukiacha nafasi wazi, wapo wanaosikia. Mimi nilibahatika, kwa sababu aliyekuja alikuwa anampenda. Wewe hujui atakayekuja kwako.