Nilimkaribisha Baba Mkwe Safari Yetu ya Mwanza, Naye Akakubali

Msomaji wetu wa Tarime ameomba tulifiche jina lake. Barua yake ni hii.

Mhariri, mimi ni mama wa miaka ishirini na tisa, nina watoto wanne, ninaishi Nyamisangura. Mume wangu ni karani wa mnada wa ng'ombe. Tangu anioe, miaka kumi sasa, hatujawahi kukaa wawili tu hata siku moja. Kama si mtoto anaumwa, ni mgeni amefika. Basi mwaka huu alipopewa likizo akaniahidi siku nne za kutembea Mwanza, mimi na yeye, watoto wabaki na dada yangu. Nilifurahi mpaka nikaunguza ugali.

Tulianza kubishana hata mzigo hatujafunga. Mume wangu alikuwa askari kwenye vita vya Burma, na mpaka leo anatembea kama mtu anayefukuzwa. Ameandika kwenye karatasi soko, bandari, maduka ya Wahindi na yale mawe makubwa ya ziwani, yote kwa siku moja. Mimi nilitaka kitu kimoja tu. Nikae kwenye benchi la stesheni, nishike kikombe cha chai ambayo sikuichemsha mimi, nitazame treni na watu wanaoshuka.

"Sasa hiyo ni safari au ni uvivu?" alinicheka. Lakini tukakubaliana. Asubuhi tutakimbia naye, jioni atakaa nami benchini.

Halafu nikajiponza kwa mdomo wangu mwenyewe.

Wiki iliyopita baba mkwe alipita kwetu. Sisi Wakurya, baba mkwe haingii nyumba ya mke wa mwanawe, hawakai pamoja wala hawali pamoja. Alisimama nje ya ua, mimi niko ndani nimegeuza uso.

"Shikamoo, tata," nilimwamkia, maana kwetu baba ndiye tata.

"Marahaba. Nasikia mnakwenda Mwanza."

"Ndiyo, tata. Twende wote!"

Jamani, hiyo ni adabu tu! Huku kila mtu hukaribishwa hivyo, naye hujibu, "Nendeni salama." Yeye akasema, "Haya. Nitakwenda."

Akaniuliza huko nitafanya nini, nami kwa kuchanganyikiwa nikamweleza yote, benchi, chai na treni.

"Hivyo ndivyo ninavyotaka hata mimi," alisema. "Kukimbizana na huyo mwanangu siwezi. Macho yangu yanaingia giza, mama. Treni sijaiona bado."

Mume wangu aliporudi nilimwambia. Alishika kichwa. "Tata akishasema, nani atamrudisha? Na wewe ndiye uliyemwita. Labda ubaki tu, mama watoto, nitakusimulia."

Nililia. Mtu asiyeweza kutulia mahali pamoja hata dakika tano, atanisimulia nini?

Sasa sijui pa kushika. Nikibaki, siku nne zangu zimekwenda, na sijui kama nitapata nyingine. Nikienda, mzee ndiye atakayekaa kwenye benchi langu, na mimi nitajibanza nyuma ya ukuta nikisubiri aondoke. Kumwambia asiende siwezi, hata kumtazama tu siwezi. Jana alituma koti lake nimfulie kwa ajili ya safari, lile alilovaa kwenye harusi yetu, nikalifua huku machozi yananitoka.

Na kuna jambo linanitesa zaidi. Mume wangu amekwisha kusema kwamba atamweka baba yake benchini, kisha yeye azunguke na karatasi yake. Treni itakapoingia, nani atamwambia mzee inafananaje, ina mabehewa mangapi, akina nani wanashuka? Katika sisi watatu, ni mimi peke yangu nitakayekuwa nikiitazama, na ni mimi nisiyeruhusiwa kukaa pale.

Koti limekwisha kukauka. Ndugu wasomaji, nishaurini, nifanye nini?