Ndoto Zangu Kinywani mwa Mke Wangu

Kwa miezi mitatu mke wangu aliugua ugonjwa wangu. Nasema hivyo bila kupamba, kwa sababu hasira niliyo nayo hadi leo inaanzia hapo, na mtu wa kwanza ninayemkasirikia ni mimi mwenyewe.

Tulikuwa tumerudi kijijini kwetu Kirolirwe, Masisi, kutoka Mpofi, kule Walikale, tulikokwenda kuikimbia vita tukalima mashamba ya watu. Sitaeleza nilichokiona njiani. Kila mtu wa Masisi ana chake. Nilirudia kazi yangu ya kutengeneza fromaji, zile jibini za duara zinazotupa jina hadi mjini. Kila asubuhi wachungaji walishusha madumu ya maziwa, na dumu moja likigonga jingine kama mlio wa risasi, mimi nilikuwa nimeshalala kifudifudi sakafuni, mikono kichwani. Walicheka. Nikacheka nao, nikasema nimeteleza. Mtu gani huteleza kila asubuhi?

Kituo cha afya kina chumba cha mwisho chenye pazia la kijani, na kila Alhamisi mama mmoja mshauri hukaa humo kuwasikiliza watu ambao kichwa kimewachosha. Benchi la nje lilikuwa la wanawake. Mwanaume akionekana hapo, kabla hajafika nyumbani ameshapewa majina mawili: mwenda wazimu, au mwanaume aliyefanyiwa yale wanayofanyiwa wanawake vitani. Sijui lipi liliogopwa zaidi. Najua tu kwamba waliogawa majina hayo walikuwa wanaume wenzangu, na nusu yao hawalali. Mficha maradhi kifo humuumbua, tunapenda kusema, lakini tunasema juu ya kikohozi na kuhara. Kichwa tumekitoa humo.

Kwetu mwanamke ndiye anayekwenda hospitali kwa ajili ya nyumba nzima. Karatasi zetu zote za matibabu mke wangu huziweka kwenye mfuko wa plastiki, ndani ya kitenge. Kwa hiyo nilipomtuma hakushangaa sana.

"Wende useme ni weye," nikamwambia. "Sema hulalake. Sema unasikiaka masasi inalia na vita haiko."

"Na wakiniuliza niliona nini?"

"Sema unaogopa kusema."

Alikwenda. Alhamisi hadi Alhamisi alikaa kwenye lile benchi, akaingia nyuma ya pazia, akasimulia ndoto zangu kama zake. Jioni, akichambua maharagwe, alinirudishia mashauri: vuta pumzi hivi, itoe polepole, gusa kitu kilicho karibu ukitaje. Nilifanya, mlango umefungwa. Kilikuwa chakula kilichotafunwa na mwingine, lakini nilikimeza. Kila swali la mshauri lilingoja jibu wiki nzima, maana ilibidi mke wangu aje aniulize kwanza. Siku moja akasema, "Mama anauliza: ule muzee muliachaka ku njia, ulimujua?"

Nilipiga teke ungo wa maharagwe. Nikamfokea mwanamke aliyekuwa amebeba mzigo wangu mgongoni. Aliyaokota yote, moja moja.

Kijiji nacho kikaanza. Majirani wakaacha kumwachia watoto wao. Kwenye chemchemi wakamfanya achote maji wa mwisho. Halafu baba yangu mdogo, aliyenilea tangu baba afe, akaita kikao nyumbani kwangu, Jumapili baada ya ibada. Wazee wanne na mimi tukauzunguka mtungi wa kasiksi, pombe yetu ya ndizi, kila mmoja na mrija wake. Kunywa mtungi mmoja kwetu ndiyo undugu wenyewe.

"Bibi yako haiko muzima," baba mdogo akasema. "Bantu bote banajua. Wazimu inaingiaka mu batoto. Tumurudishe kwa baba yake, batoto babakie hapa."

Mke wangu alikuwa mlangoni pa jikoni, hatua tano kutoka kwetu. Neno moja kutoka kwake lingetosha kuniangusha, naye hakulisema. Alinitazama tu, mikono imejaa unga wa muhogo, akingoja kuona ameolewa na nani.

Nami nikanywa. Naandika hili kwa makusudi: nilivuta mrija, nikanywa, huku wakipanga siku ya kumtoa kwa watoto wake. Wakasema Jumatano. Mzee mmoja akasema hapana, Jumatano ni siku ya soko, njiani kuna watu wengi, afadhali Jumanne. Walichagua siku kama wanaohamisha ndama. Hapo ndipo niliposimama.

"Ni miye," nikasema. "Ile ugonjwa ni yangu. Ye alinibebea tu."

Baba mdogo akacheka, akanipungia mkono nikae. "Ikala, mwanangu. Mwanaume haliake."

"Naliaka, baba mudogo. Kila asubuyi, mu nyumba ya maziwa. Uliza bachungaji. Miye njo mugonjwa, hapana ye."

Kisha baba mdogo, taratibu, karibu kwa upole, akautoa mrija wangu mtungini, akaulaza kwenye majani, akaagiza kikombe. Wakanimiminia yangu pembeni. Habari ya kumrudisha mke wangu ikaishia hapo, maana mwenda wazimu lazima awe na mtu wa kumpikia. Nilikimwaga kile kikombe mbele ya miguu yao, na sijajuta.

Alhamisi nilikwenda mwenyewe. Mwanamke mmoja pale benchini alicheka, wengine wakasogea wakanipa nafasi. Nyuma ya pazia, mama mshauri alinitazama kidogo tu.

"Weye njo ule wa masasi," akasema. "Nilikuwa nakungoja."

Mrija wangu haujarudi mtungini. Lakini niliendelea kwenda kila Alhamisi, na sasa madumu yakigongana nabaki nimesimama. Alhamisi moja mama yangu mdogo, mke wa yule yule baba mdogo, alikuja akaketi kando yangu benchini, karatasi mkononi. Nikamuuliza anaumwa nini.

"Silalake," akasema, macho chini. "Naonaka moto. Nasikiaka ngombe inalia ndani."

Damu ikanipanda. Zizi lao lilipochomwa wakati wa vita, yeye alikuwa Bweremana, ziwani, na watoto. Kila mtu anajua hivyo. Aliyerudi ndani ya ule moto kufungua kamba za ng'ombe, akakuta amechelewa, ni mumewe.

Nilimwacha pale. Nikamkuta baba mdogo nyuma ya nyumba, anakata majani ya ng'ombe.

"Mama mudogo hakukuwa mu ule moto," nikamwambia.

Panga likasimama. "Bantu bataniona," akasema.

"Na miye baliniona!"

Ningepaswa kumhurumia. Sikumhurumia, nilikumbuka unga kwenye mikono ya mke wangu. Nikamshika mkono, nikambana, tukapita katikati ya kijiji saa nne ya asubuhi, wanaume wote wakitutazama kutoka kwenye mitungi yao, mpaka kituoni. Mama mdogo alituona tukija. Akasimama, akamkabidhi mumewe ile karatasi, akampisha kwenye benchi.