Mfumie Uliyempakata

Mlio ambao nikiufikiria nausikia kabisa ni wa spoki mbili za baiskeli zikigongana. Tik, tik, kimya kidogo, halafu tik tena. Bibi alizisugua kwenye jiwe mpaka ncha zikawa laini, na kwa spoki hizo alifuma karibu kila kitu cha baridi kilichovaliwa nyumbani kwetu huku juu Mbinga. Alifuma akisubiri maharage yaive. Alifuma huku Babu akimsimulia ubaya wa nyani walioingia shambani, akiitikia "ehe" bila kuinua macho.

Mwanangu Redempta, mama yako amenipigia simu kutoka Lipingo, huko chini ziwani. Anasema unataka kujifunza kufuma ili umfumie mdogo wako anayekuja, na umemsumbua mpaka akakuambia muulize mama yako mdogo. Basi nimekaa na kalamu. Najua utacheka, kwamba mama mdogo hana hata unywele mmoja mweupe na anatoa nasaha kama mzee wa kigango. Cheka tu, halafu uendelee kusoma.

Wakati ninaotaka kukusimulia nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na matokeo yangu tuyaache hukohuko yalikobandikwa. Nilikuwa na ndoto. Niliona duka Mbinga mjini, lina kioo mbele, na juu kibao chenye jina langu kwa rangi nyekundu, na ndani masweta ya kila rangi niliyoyafuma mimi. Kwa ajili ya duka hilo nilifanya mazoezi kwa chochote kilichokaa kimya. Tulifumua masweta ya mitumba yaliyotoboka, tukaviringisha uzi, nami nikaanza. Chupa ya chai niliivalisha koti. Redio ya Babu niliifumia gauni likaziba spika, akawa anasikiliza misa kama inasomwa ndani ya pipa. Babu aliniomba nimwache jogoo wake, maana ndiye peke yake aliyebaki uchi pale nyumbani.

Bibi ndiye aliyenifundisha, na alinifundisha kwa maneno ya shambani. Unazijua ngoro zetu, yale mashimo tunayochimba kwenye miteremko, shimo katikati na matuta kuzunguka, mpaka ukisimama ng'ambo ya bonde mlima mzima unaonekana kama umefumwa. Basi kitanzi kinachotokeza mbele Bibi alikiita tuta, na kinachozama alikiita shimo. Ukikosea alikuambia umelima vibaya, rudi.

Mama yako alipanda kwetu kuja kujifungua, kama ilivyo desturi, uzazi wa kwanza binti anarudi kwa mama yake. Wewe hukusubiri. Ulikuja kabla ya wakati wako, msimu wa kuchuma kahawa, ukungu ukiingia mpaka jikoni. Mlikaa hospitali siku nyingi, na mliporuhusiwa nesi alimweleza mama yako mbele yetu sote: mtoto akae kifuani, ngozi kwa ngozi, muda wote, na kichwa kifunikwe. Si lazima kiwe kifua cha mama tu. Yeyote wa nyumbani mwenye afya anaweza kumpokea ili mama alale, maana asipolala maziwa yatakauka. Uzito usipopanda, mnarudi wodini.

Nilipokuona nyumbani, ndani ya kanga, kichwa chako kilikuwa kama pera. Mkono wako wote haukuzidi kidole changu. Nilisalimia, nikasifu, kisha nikatafuta uzi haraka. Nikasema, mimi ndiye nitakayefuma kofia.

Na kweli nilifuma, mwanangu. Nilikaa chumba cha pili na nikafuma kama mtu anayefukuzwa. Kofia ya kwanza ilikuwa ya rangi mbili, yenye maua, na kichungwa cha nyuzi juu. Mama yako alipokuvalisha ilishuka mpaka kidevuni. Ukapotea. Ya pili niliifuma nzito zaidi kwa sababu ya baridi, nayo ikakulalia usoni ikabidi itolewe upesi. Nikaanza ya tatu. Kichwani mwangu nilikuwa na mtoto mwingine kabisa, mnene, wa kwenye kalenda, na ndiye niliyekuwa nikimfumia.

Wakati huo mama yako alikuwa anaisha. Mama yetu na Bibi walikuwa wakimpokea kwa zamu, lakini kahawa ilikuwa imeiva na haina subira, asubuhi wote walilazimika kushuka shambani. Dada alibaki ameketi, amekufunga kifuani, macho yakifumba yakifumbuka kwa kuogopa asije akasinzia nawe ukamteleza. Aliniita mara nyingi. Ima, njoo unipokee kidogo nijinyooshe. Nami nilikuwa na jibu moja, zuri sana, la mtu mwenye kazi: ngoja nimalize mstari huu. Mstari wa kufuma hauishi, mwanangu. Ukiisha, unageuza spoki na mwingine unaanza.

Siku moja nesi alikuja kukupima na uzito ulikuwa umesimama palepale. Hakugomba. Alisema tu kwamba atarudi, na mama yako apumzike. Dada aliinamisha uso akajifanya anakufunga kanga vizuri.

Bibi hakushuka shambani siku hiyo. Alikuja chumba cha pili, akaketi kwenye gunia, akaichukua kofia ya tatu kutoka mikononi mwangu akaitazama mbele na nyuma. Bibi alikuwa akiniita mke mwenzake, utani wake kwa wajukuu wote wa kike.

"Mke mwenzangu, unamfumia mtoto gani?"

"Redempta, Bibi."

"Redempta yupi? Yule wa chumbani sijakuona umempakata."

 

"Naogopa, Bibi. Nitamvunja."

"Wewe umemwogopa, na yeye anaona baridi," akasema. "Na dada yako anaona usingizi. Sasa kofia hii inamsaidia nani kati yao? Vua sweta."

Alisema bila ukali, kama anavyosema leta chumvi. Nikavua. Akanikalisha, akaniegemeza ukutani kwa mito, akakutoa kwa mama yako akakuweka kifuani kwangu, tumbo kwa tumbo, akatufunga kwa kanga kisha akatufunika blanketi. Nilibana pumzi. Ulikuwa mwepesi mno, nikadhani amesahau kukuweka. Halafu ukasogea, ukapiga chafya ndogo kama ya paka, na nikapumua kwa sababu wewe ulikuwa unapumua.

Bibi akanishika mkono wa kulia, akaukunja kidogo, akauweka kichwani kwako. Kichwa kilijaa kwenye kiganja, hapakubaki nafasi. Akasema hicho ndicho kipimo, na kwamba yeye hajawahi kumfumia mtoto ambaye hajampakata, kwa sababu jicho linadanganya, na mtu anayeogopa hudanganywa zaidi. Mama yako alikuwa amelala kabla Bibi hajamaliza kusema. Alikoroma, mwanangu. Muulize, atakataa.

Tangu hapo nilikuwa na zamu yangu kama wengine. Kofia ya nne niliifuma kwa kipimo cha kiganja, tuta moja shimo moja, tuta moja shimo moja, tangu ukingoni hadi juu, bila ua wala kichungwa. Ufumaji huo hubana na kutanuka, kwa hiyo kofia inamshika mtoto leo na wiki ijayo pia inamshika. Ilikuwa ya kijivu, imetokana na sweta la mzee fulani asiyejulikana wa Ulaya, na haikuwa nzuri. Babu alisema unafanana na mhasibu. Lakini ilikaa. Na nesi aliporudi akakupima, akatazama mzani, akatazama tena, kisha akamwambia mama yako aendelee hivyohivyo.

Kwa hiyo, mwanangu, sindano utapata, na tuta na shimo nitakufundisha ukipanda likizo, ni kazi ya siku chache. Hili lingine ndilo ninalotaka ulishike tangu sasa. Usianze kumfumia mdogo wako kabla hajazaliwa, hata wakikuambia umechelewa. Subiri aje. Mpakate kwanza, umjue uzito wake na joto lake na anavyogeuza shingo, weka kiganja kichwani, ndipo uanzishe vitanzi. Huko kwenu ufukweni joto ni jingi, huenda akahitaji kitu chepesi tu, nawe utajua hilo kwa kumshika. Na mama yako akikuita umpokee mtoto, weka uzi chini katikati ya mstari. Katikati kabisa. Vitanzi havitakimbia ukichomeka ncha ya sindano kwenye kidonge cha uzi. Ukimpenda mtu, mikono yako imfikie yeye kwanza, halafu ndiyo ifanye kazi kwa ajili yake.

Mungu akupe mikono yenye joto, Redempta. Akupe subira ya kufumua ulichokosea, na akupe watu wa kuwafumia wasiokwisha nyumbani mwako. Mdogo wako aje salama, kwa wakati wake, na akukute uko hapo.

Kuna jambo moja hakuna aliyeliona. Siku chache baada ya kofia ya kijivu, wote walikuwa kwenye kahawa na mama yako amelala chumbani. Ulikuwa kifuani kwangu. Kofia ilikuwa imepanda, sikio moja limebaki nje, limekuwa jekundu kwa baridi. Nikaangalia mlangoni nione nani atakuja kunisaidia, hakuna mtu. Nikaishusha mwenyewe kwa vidole viwili, polepole, mpaka sikio likafunikwa, nikaurudisha mkono mgongoni mwako.