Mwaka wa Kusikiliza Matangazo ya Vifo

Baba aliniaga stesheni ya Mpanda akiwa amekalia ndoo ya asali. Ndoo ilikuwa yangu, ya kwenda nayo chuoni Dar es Salaam, lakini miguu yake ilikuwa imevimba na benchi zote zilijaa watu na mizigo, basi akaikalia kwa heshima zote kama mwenyekiti wa kijiji. Daktari wa hospitali ya wilaya alishatuambia moyo umechoka. Baba aliipokea habari ile kwa hasira. Alikuwa mtu wa mizinga ya nyuki, ameuzunguka msitu wa Ugalla tangu ujana wake, na hakuona kwa nini moyo uchoke wakati kazi yote imefanywa na miguu.

“Mama,” aliniambia, maana ndivyo alivyoniita siku zote kwa kuwa nilirithi jina la mama yake, “usirudi mpaka umalize mwaka. Ukirudi katikati hapa watakutafutia mume, na mimi sina nguvu za kugombana na watu.”

“Na ukizidiwa, baba?”

“Nikifa utasikia redioni. Si wanatangaza kila siku? Usiposikia, ujue nipo.”

Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayeeleza njia ya kisimani. Mama yangu aligeuka akatazama upande wa pili. Mimi nilipanda behewa, nikakaa dirishani, na treni ilipoanza kusogea sikumwona tena baba kwa sababu macho yangu yalikuwa yamejaa maji. Nilikuwa na miaka ishirini na moja na sijawahi kufika mbali kuliko Tabora.

Hiyo ilikuwa miaka ya tisini, tukiwa bado mkoa wa Rukwa, na simu ya mkononi hatujaiota hata usingizini. Barua kutoka kwetu ilifika baada ya wiki tatu, wakati mwingine nne. Kwa mtu mwenye mgonjwa nyumbani, barua haisaidii sana. Inakuambia alikuwa hai siku ile ilipofungwa, basi.

Mwaka wenyewe nikiukumbuka leo, unanijia nusunusu kama ndoto ya alfajiri. Nakumbuka njia za chuo zilizopita chini ya miti mikubwa, maua mekundu yakidondoka juu ya lami na sisi tukiyakanyaga tukielekea darasani. Nakumbuka feni za ukumbini zikizunguka polepole, na mwalimu mmoja wa historia aliyekuwa na sauti laini kiasi kwamba nilisoma karne nzima ya kumi na tisa nikiwa nasinzia. Joto la Dar lilinilegeza. Kwetu Mpanda jua linachoma, lakini likichwa linakuachia upumzike. Joto la kule lilikuwa linalala na wewe kitanda kimoja. Mchana wowote usiokuwa na kipindi nilijitupa kitandani, nikawa natembea msituni na baba, majani mapya ya miombo yakiwa mekundu kama yanavyokuwa kabla ya mvua, yeye mbele na mimi nyuma, na hakuna aliyechoka moyo.

Kitu kimoja tu kilikuwa na saa yake kamili katika ndoto ile: matangazo ya vifo ya jioni.

Mwenzangu wa chumbani alikuwa msichana wa Tanga, mcheshi, mwenye redio kaseti kubwa iliyokula umeme wa ukutani. Kwao kulikuwa na simu ya mezani. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Wiki ya kwanza aliniuliza kwa nini napenda kipindi cha huzuni kiasi kile. Nilimweleza, na tangu siku hiyo ilipogonga saa yenyewe alikuwa anazima muziki wake mwenyewe, anatafuta stesheni na kukaa pembeni yangu. Tulisikiliza misiba ya nchi nzima. Wa Newala, wa Ukerewe, wa Kondoa. Habari ziwafikie fulani na fulani, ndugu na jamaa wote popote walipo. Kila tangazo lilipoanza niliisogelea redio, na kila lilipotaja mkoa mwingine nilipumua. Yalipokwisha tulikwenda kula. Nilikuwa nakula vizuri sana, na nasema wazi, chakula cha mtu ambaye leo hajafiwa kina ladha yake.

Wa kwetu pale chuoni niliyemfahamu alikuwa mmoja tu, kijana wa Mwese. Tulikuja treni moja. Alikuwa mrefu, mpole, mwenye mwendo wa mtu aliyezoea vilima. Hata kwenye tambarare aliinua miguu kana kwamba kuna jiwe mbele. Njia nzima alinisimulia maharage ya kwao na ubovu wa barabara, kwa majivuno, kana kwamba barabara mbovu ni mali. Chuoni tulisalimiana tukikutana foleni ya chakula. Yeye hakuwa na haja ya kusikiliza matangazo. Baba yake alikuwa mzima, analima.

Jioni moja, mvua za masika zikiwa zimeanza, tulikaa kama kawaida. Yakapita matangazo mawili. Kisha mtangazaji akasema, “Tangazo lifuatalo linatoka Mpanda, mkoani Rukwa.” Hapo hapo umeme ukakatika.

Mgao wa umeme miaka ile haukuwa habari. Bweni zima lilipiga kelele ya mazoea na watu wakaanza kutafuta mishumaa. Mimi nilibaki nimeishikilia ile redio kwa mikono miwili. Mwenzangu alikimbia chumba hadi chumba kutafuta mwenye redio ya betri, akarudi na mmoja, na tulipoiwasha tukakuta muziki.

“Mpanda ni kubwa,” aliniambia. “Si ndiyo wewe unatuambia ni kubwa kuliko mikoa ya watu?”

Ni kweli nilikuwa nasema hivyo, kwa kuringa. Usiku ule niliomba iwe kubwa zaidi. Niliipanga wilaya yote kichwani, Ikola na wavuvi wake, wafugaji waliokuja na ng’ombe kutoka kaskazini, vijiji vyote hadi vya mwisho, nikitafuta mzee mwingine wa kufa badala ya wangu. Niliwapitia wazee wa watu mmoja mmoja. Asubuhi nilikuwa nimeshafunga begi.

Matangazo yalirudiwa alfajiri. Niliyasikilizia kwenye kibanda cha mlinzi wa geti, aliyekuwa na redio ndogo iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli. Mpanda ilitajwa. Marehemu alikuwa mzee wa Mwese, na habari zimfikie mwanawe aliyeko chuo kikuu, Dar es Salaam.

Nilifurahi. Nilikaa chini kwenye majani yenye umande nikafurahi mwili mzima, hata mlinzi akanipa pole akidhani nimefiwa. Ndipo nikakumbuka ule mwendo wa kuinua miguu, nikainuka kwenda kumtafuta.

Nilimkuta kantini, amejipanga foleni ya chai. Hakujua lolote. Aliponiona alitabasamu akanipa nafasi mbele yake, akaninunulia na mimi chai. Kwetu mtu hapewi msiba ana njaa; kwanza ale, kwa sababu baadaye hatakula. Basi nilikaa mbele yake nikamngoja ale. Sijawahi kungoja kitu kirefu kama kile. Alikuwa na mkate na yai, akaumega mkate taratibu, akanieleza mtihani wa wiki ile, akacheka jambo alilolisema mwenyewe. Nilimwongezea sukari bila kuulizwa. Mwanga wa asubuhi ulikuwa unapita kwenye mvuke wa vikombe na kila mtu pale ndani alionekana kwa mbali, kama walioko ng’ambo ya mto. Nilitamani lile yai lisiishe.

Alipofuta mdomo alinitazama. “Nyie wasichana hamjagi kantini hii,” alisema. “Na wewe hujagusa chai yako.”

Nilisogeza kikombe changu pembeni.

“Nani? Baba au mama?”

“Baba.”

Alikunja ile karatasi ya mkate, akaikunja tena, mpaka ikawa ndogo kama punje ya harage. “Nilimwacha analima,” alisema. “Wa kwako ndiye mgonjwa.”

Hakusema kwa ubaya. Lakini sentensi ile imekaa na mimi hadi leo.

Wenzake wa chumbani walimsindikiza stesheni jioni ile. Alirudi baada ya wiki nyingi, kichwa kimenyolewa, akakuta mitihani iko mlangoni. Alinikuta maktaba. “Nilikuta wameshazika,” alisema, akaketi, akafungua daftari. Baada ya muda akaniuliza kwa sauti ya chini kama bado nasikiliza. Nikasema bado. Akaitikia kwa kichwa, na kuanzia hapo jioni nyingi alikuja kusimama nje ya dirisha letu, kwa kuwa wavulana walikuwa hawaruhusiwi ndani, akasikiliza nami hadi mwisho. Yakiisha alisema tu, “Haya, leo yupo,” akaenda zake.

Mwaka ukaisha hivyo, jioni kwa jioni. Treni ya kurudi ilikuwa polepole, na baada ya Kaliua nilifungua dirisha nikaacha harufu ya msitu iingie. Kadiri tulivyokaribia ndivyo nilivyozidi kuogopa. Redio ilikuwa haijasema kitu, lakini redio inaweza kusahau. Umeme ulikatika siku ngapi? Sikuwa nimehesabu. Nilishuka Mpanda nikaenda moja kwa moja nyumbani.

Baba alikuwa amekaa mlangoni, amekonda, kajifunga blanketi mabegani na jua kali lile. Nilipiga magoti nikamwamkia. Aliitikia, akaniwekea mkono kichwani akauacha pale. Mama alikuwa analia jikoni na kunisema kwa kukonda, vyote kwa pamoja. Baba hakunipa nafasi ya kumuuliza hali. Alikuwa na jambo lake.

“Siku ile ya tangazo la mzee wa Mwese,” alisema, “nilimwambia mama yako, huyu mtoto akisikia Mpanda leo halali. Kesho yake kaka yako akanipakia kwenye baiskeli mpaka posta ya mjini, kutuma tangazo kwamba mimi niko hai. Karani wa posta ananiambia, mzee, matangazo haya ni ya waliokufa. Nikamuuliza, sasa mtu aliye hai mnamtangaza lini?”

“Akasemaje, baba?”

“Akaniuzia kadi za salamu. Zile za kipindi cha mchana, cha kuchagua muziki. Nimekutumia kila walipokuwa na kadi.”

Mama alitoka jikoni akiwa ameshika mwiko. “Zimesomwa mara nne,” alisema. “Majirani wote tulikaa hapa uani kusikiliza. Mtangazaji alikuwa anasema, zimwendee binti yangu aliyeko chuo, mimi baba yake nipo na ninakula.”

Mchana. Saa zile nilizolala kwenye kitanda cha bweni, redio ya mwenzangu ikiimba hatua mbili kutoka kichwani kwangu. Sikujua pa kuyaweka macho.

“Ulisikia?” baba aliuliza.

“Hapana, baba. Nilikuwa nasikiliza yale mengine.”

Mkono wake ulikuwa bado uko kichwani kwangu. Nilihisi uzito wake.

“Salamu haziozi,” alisema. “Zipokee sasa.”

Nikasema nimezipokea.